Anayekaa kwenye bodi ya hospisi anamwakilisha nani?

Mtu akiteuliwa kwenye bodi ya shirika la hospisi hapa Uganda, pongezi humjia zikiwa na dhana mbili. Wapo wanaodhani sasa atazunguka vijijini kuwasafisha wagonjwa vidonda, na wapo wanaodhani amepata ulaji. Nimeulizwa yote mawili, Jinja na Busia, tena na watu wanaonitakia mema. Kazi yenyewe iko mbali na dhana zote mbili. Na kwa kuwa mashirika haya yanaishi kwa imani ya watu, watu wana haki ya kujua wale wajumbe wachache wanaokutana kila baada ya miezi mitatu wanafanya nini hasa.

Tuanze na hospisi yenyewe. Wengi huifikiria kama jengo lenye vitanda ambako mtu hupelekwa akafie. Uganda, kwa sehemu kubwa, hospisi ni muuguzi, gari, chupa ya dawa na daftari. Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi, au mwenye Ukimwi uliomletea saratani ya Kaposi, au ambaye figo na moyo vimechoka, hubaki kwake nyumbani na huduma humfuata huko: dawa ya maumivu, usafi wa vidonda, mazungumzo na familia, sala kwa anayeitaka, hata msaada wa kuandika wosia ili mjane asije akafukuzwa shambani matanga yakiisha anuliwa. Hiyo ndiyo tiba shufaa. Haisubiri wiki ya mwisho. Inatakiwa ianze pale ugonjwa mzito unapogunduliwa na iende sambamba na matibabu mengine.

Hapa nchini ilianza mwaka 1993, Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Alizaliwa Liverpool mwaka 1935, akafanya kazi Nigeria na Singapore, kisha Nairobi Hospice, kabla ya kuja kwetu. Alianza na timu ya watu watatu, gari kuukuu la Land Rover na fedha za kutosha miezi mitatu tu. Wizara ya Afya ilikubali unga wa mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, uagizwe nchini, na bila ruhusa hiyo asingeweza kufanya lolote. Mwaka 1998 matawi yakafunguliwa Mbarara na Hoima. Mama huyo alifariki mwaka 2025, akiwa na miaka 90, huku huduma aliyoianzisha ikiwa imeenea mbali na kilima cha Makindye yalipo makao yake. Leo Masaka wapo Kitovu Mobile, Jinja wapo Rays of Hope, Mbale wapo Joy Hospice, na hospitali kadhaa za serikali zina vitengo vyao.

Kwa hiyo mtu akisema yuko kwenye bodi ya hospisi, muulize ni bodi ipi. Shirika linalohudumia wagonjwa lina bodi yake, inayobeba dhamana ya magari, dawa na mishahara. Chama cha kitaifa, Palliative Care Association of Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1999, kina bodi nyingine. Hicho huwaunganisha watoa huduma wote, huzungumza na Wizara na Bunge, na kufuatilia wauguzi waliosomea kazi hii wako wapi. Pia kina mpango wa kuwasomesha watoto walioacha shule ili kuwauguza wazazi wao. Halafu kuna chama cha bara zima, African Palliative Care Association, kilichozaliwa mwaka 2004 na chenye makao hapa hapa Kampala. Bodi ya kwanza ikilala, mgonjwa wa kijiji fulani hakosi kuumia. Ya pili ikilala, wilaya nzima inaweza kukosa muuguzi wa kuwaandikia wagonjwa mofini kwa miaka bila mtu yeyote kushtuka.

Wasioweza kulalamika

Shule ikifundisha vibaya, wazazi watapiga kelele. Benki ikimchosha mteja, atahamisha akaunti. SACCO ikila akiba za watu, wanachama wataujaza ukumbi siku ya mkutano mkuu na mwenyekiti atatafuta mlango wa nyuma. Mgonjwa wa hospisi hafanyi lolote kati ya hayo. Akihudumiwa vibaya atakufa na maumivu yake. Jamaa zake, waliokesha wiki nzima na sasa wana msiba, hawatarudi kuandika barua ya malalamiko. Wengi hata hawajui kwamba maumivu yale yangeweza kutulizwa, kwa sababu tangu utotoni wameona saratani ikiwaliza watu hadi mwisho. Na waliohudumiwa vizuri hutoa shukrani za dhati, ambazo huingizwa kwenye taarifa ya robo mwaka kana kwamba ni kipimo cha kazi.

Kwangu hili ndilo fundo la jambo zima. Kila taasisi husahihishwa na wale inaowaumiza. Hospisi inahudumia watu ambao hawatakuwepo kuisahihisha, na kwa hiyo bodi inapaswa kuwa jicho la mgonjwa aliyekwisha kufa na yule ambaye hakuwahi kufikiwa. Mfadhili ana mkaguzi wake. Mfanyakazi ana mkataba na sheria ya kazi. Serikali ina vibali vyake. Mgonjwa ana bodi, na bodi isipolijua hilo, hana mtu.

Sasa tazama taarifa ambayo bodi hupewa kwa kawaida. Itasema wagonjwa wangapi wapya walisajiliwa, ziara ngapi zilifanyika, chupa ngapi za mofini zilitolewa, wauguzi wangapi walihudhuria mafunzo. Namba hizo ni za kweli na zina kazi yake, lakini zinaeleza shughuli za shirika. Hazielezi kama mama wa Hoima alilala usiku. Mjumbe anayeifahamu kazi yake huanza kuuliza yasiyoandikwa. Kati ya siku mgonjwa alipoandikiwa barua ya kuja kwetu na siku muuguzi alipofika kwake, zilipita siku ngapi? Ni wangapi walifariki ndani ya siku hizo, kabla hatujafika? Swali hilo la pili huwakaa wakurugenzi vibaya, nami naelewa kwa nini. Hakuna anayependa kuhesabu waliomponyoka. Lakini katika nchi ambako wagonjwa wengi wa saratani hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakomaa, muda ndicho kitu cha kwanza wanachokosa, na hesabu ya waliofariki wakisubiri huonyesha hali ya shirika haraka kuliko ukurasa wowote wa mizania.

Kuna chombo cha kusaidia hapa. Chama cha bara kilitengeneza kipimo chenye maswali 10: 7 ya mgonjwa na 3 ya anayemuuguza. Mgonjwa huulizwa kiwango cha maumivu, dalili nyingine, wasiwasi alio nao, kama ana mtu wa kumweleza moyo wake, kama ana amani, na kama amepata msaada wa kutosha kupanga mambo ya familia yake. Majibu hutolewa kwa alama 0 hadi 5, hivyo hata asiyesoma anaweza kujibu kwa vidole vya mkono mmoja. Bodi haihitaji kuona jina la mgonjwa wala kijiji chake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haiwaruhusu wajumbe kuyachezea mambo hayo. Kinachotakiwa ni picha ya jumla: waliosajiliwa wakiwa na maumivu ya alama 4 au 5, baada ya wiki moja walikuwa wapi? Shirika linaloweza kujibu swali hilo kila robo mwaka limeshavuka hatua kubwa. Lisiloweza, bodi ilisaidie lipate fedha na watu wa kuliwezesha, badala ya kulikemea.

Wapo pia wasioonekana kwenye daftari kwa sababu ya lugha. Chukua kambi ya Kyangwali, upande wa Hoima, au Nakivale kule Isingiro. Humo wanaishi Wakongo wengi ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kila siku. Mzee aliyekimbia kutoka Ituri akiulizwa kuhusu maumivu kwa Kiingereza, au kwa Kinyoro ambacho hakijui, atajibu kwa kutikisa kichwa, na kichwa kilichotikiswa kitaandikwa kama jibu. Atapewa panadoli. Kwenye taarifa ataonekana amehudumiwa. Ndiyo maana mjumbe anayetoka katika jamii ya watu kama hao, hata kama hana shahada, anaweza kuifaa bodi kuliko wakili wa tatu au mhasibu wa nne.

Na si lazima kungoja wagonjwa waseme. Familia inaweza kuulizwa, miezi michache baada ya mazishi, na mtu asiyekuwa muuguzi wao, kwa upole na kwa lugha yao: wiki zile za mwisho zilikuwaje, mlipompigia simu muuguzi usiku alipokea, chupa iliwahi kuisha kabla nyingine haijafika? Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na watu wa timu za afya za kijiji wanajua kila nyumba ambamo mtu alikufa akilia. Nimekaa kwenye vikao ambapo taarifa nene ilipita bila swali, kisha mhudumu wa kujitolea kutoka kijijini akapewa dakika kumi na kikao kikabadilika. Hakuwa na slaidi hata moja. Alieleza tu kwamba barabara ya kwao hukatika msimu wa mvua, na kwamba kwa sababu hiyo chupa za mwezi wa nne hufika mwezi wa tano.

Chupa hutoka wapi

Hakuna anayeweza kuisimamia hospisi ya Uganda bila kuielewa safari ya mofini, japo si kazi yake kuigusa. Dawa hii ya kunywa hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa mofini na maji safi, dawa ya kuzuia isiharibike na rangi. Rangi ni usalama: ya kijani ndiyo nyepesi, miligramu 5 katika mililita 5, na ya waridi ina nguvu mara kumi ya hiyo. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, na usiku hupewa dozi maradufu ili apate kulala. Ni rahisi, na bei yake ni ndogo kuliko vidonge vinavyoagizwa kutoka nje. Hospice Africa Uganda hutengeneza dawa hiyo kwa ajili ya nchi nzima kwa makubaliano na serikali, nayo husambazwa kupitia bohari za dawa hadi hospitali na vituo vilivyoidhinishwa, na mgonjwa hapaswi kulipa hata shilingi.

Lakini unga huo ni dawa ya kulevya kisheria, hivyo hauingii nchini kama unavyoingia unga wa mahindi. Kila nchi hupeleka makadirio ya mahitaji yake ya mwaka kwa Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya iliyoko Vienna. Nchi ikikadiria kidogo kwa sababu vituo havikuandika matumizi yao vizuri, mwaka unaofuata itabanwa na makadirio yake yenyewe. Daftari la dawa katika kituo cha Arua, basi, lina mkono wake katika kiasi ambacho Kampala itaruhusiwa kuagiza. Mjumbe wa bodi anayeuliza kwa nini daftari fulani halijajazwa kwa miezi miwili anafanya kazi ya maana sana, hata wenzake wakitazama saa.

Na kuna mwenye kalamu. Zamani daktari peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuandika mofini, na madaktari hawako vijijini. Mwaka 2004 Uganda ikabadili kanuni, ikawa nchi ya kwanza duniani kuwaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe. Nchi nyingi zimekuja kujifunza jambo hilo kwetu. Matokeo yake kwa bodi ni haya: kila muuguzi aliyesomea ni mlango wa dawa kwa wilaya nzima. Uganda ina wilaya zaidi ya 130, na zipo ambazo mlango huo ni mtu mmoja. Akistaafu, akihamishiwa wodi ya wazazi, au akipata kazi Uarabuni, mlango umefungwa hata kama chupa zimejaa kabatini. Bajeti ikibana, fungu la kwanza kukatwa huwa ni la mafunzo, kwa kuwa kukatwa kwake hakumuumizi mtu mwezi huo. Hapo ndipo mjumbe anapaswa kunyoosha mkono na kukataa.

Hofu nayo ipo. Bado kuna wahudumu wa afya wanaoamini mofini huharakisha kifo, na familia zinazoamini ukianza kuinywa umeshakatiwa tamaa. Mofini ikitolewa kwa kipimo sahihi haimuui mgonjwa. Inamfanya aweze kula, kuongea na wanawe, kuamua nani atalima shamba gani. Mjumbe ambaye mwenyewe anaiogopa hawezi kulitetea shirika mbele ya mbunge au askofu, kwa hiyo asome hilo kabla ya mengine.

Kuna na yale ambayo shirika halina mamlaka nayo lakini humiminikia mlangoni pake. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya saratani nchini, pale hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika kabisa, na nyingine haikuanza kazi hadi karibu mwaka 2018. Wagonjwa ambao mionzi ingepunguza uvimbe na maumivu yao walibaki na dawa za maumivu peke yake. Mpango mkakati unaodhani idadi ya wagonjwa itapanda polepole, asilimia fulani kila mwaka, haujaiangalia nchi yetu vizuri.

Fedha, na ahadi iliyokwisha kutolewa

Mambo ya fedha ya hospisi yana ugumu mmoja ambao bodi za mashirika mengine hazina. Ukianzisha mradi wa kilimo na mfadhili akajitoa, mradi unasimama na wakulima wanaudhika. Ukimwanzishia mgonjwa mofini halafu ukaikata ghafla, maumivu yanarudi yakiwa na kisirani, na mwili wenyewe unadai dawa. Kila mgonjwa anayesajiliwa leo ni deni la miezi ijayo.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mashirika mengi ya afya Uganda yalijikuta yakifunga ofisi na kuachisha watu kazi ndani ya muda mfupi mno. Tangu hapo swali ambalo zamani lilionekana la woga limekuwa la lazima katika kila kikao: fedha zikikatika leo, tunaweza kuwahudumia wagonjwa ambao tayari wako kwenye daftari letu kwa wiki ngapi? Msimamo wangu ni kwamba bodi iweke akiba yenye jina hilo, isiyoguswa kwa warsha wala kwa kupaka ofisi rangi, na iandike mapema nani atakuwa na mamlaka ya kuifungua. Ikishindikana kabisa, ni bora kusitisha kupokea wagonjwa wapya kwa muda na kuwaelekeza hospitali ya serikali kuliko kuendelea kusajili huku ziara zikikonda hadi kuwa simu moja kwa mwezi. Najua wapo watakaonipinga, na hoja yao ina uzito, maana anayekataliwa mlangoni naye ni mgonjwa. Lakini uamuzi huo ukiachwa bila kufanywa, huishia kufanywa na muuguzi peke yake, akiwa ndani ya gari, akichagua kijiji cha kuacha. Huo ni mzigo wa bodi, na si haki kumtwika yeye.

Fedha nyingi za wafadhili huja na masharti: hizi ni za mafunzo, hizi za watoto, hizi za utafiti. Mafuta ya gari na mshahara wa dereva ndivyo vitu visivyopata mwenyewe, ingawa bila gari hakuna hospisi. Mwezi ukiwa mgumu, kishawishi cha kukopa kwenye fungu la mfadhili mmoja ili kulipa mshahara ni kikubwa, na hufanywa kwa nia njema. Ndiko mashirika mengi yanakoanza kuharibikiwa. Dalili nyingine ya mapema ni makato. Kodi ya mishahara hutakiwa ifike URA, mamlaka ya mapato, na michango ifike NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ndani ya siku 15 za mwezi unaofuata. Mweka hazina aombe risiti hizo kila kikao, azione kwa macho yake. Shirika linaloanza kuchelewesha NSSF kwa kawaida limeshaishiwa fedha, hata kama taarifa ya mkurugenzi bado ina maneno matamu.

Upande wa sheria niupitie haraka. Shirika kama hili kwa kawaida husajiliwa kama kampuni isiyo na hisa, ambayo wanachama wake huahidi kuchangia kiasi kidogo tu endapo itafungwa. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2012 inawatazama wajumbe kama wakurugenzi wa kampuni, wenye wajibu wa kutenda kwa nia njema na kwa uangalifu wa mtu mwenye busara. Taarifa za kila mwaka hupelekwa URSB, ofisi ya usajili wa makampuni. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2016 inadai kibali, pamoja na makubaliano na serikali ya wilaya mnakofanyia kazi. Ofisi iliyokuwa ikitoa vibali hivyo ilivunjwa mwaka 2024 na kazi zake zikahamia Wizara ya Mambo ya Ndani. Juu ya hayo kuna Mamlaka ya Taifa ya Dawa kwa habari za mofini. Kalenda ya tarehe zote hizo iwe ukurasa wa kwanza wa faili la kila mjumbe. Kibali kikiisha muda na akaunti ya benki ikafungwa, mgonjwa hataelewa maelezo ya wakili.

Mpaka kati ya bodi na ofisi

Simu huja usiku. "Kaka, wewe si ndiye bosi wao? Shemeji yako hali ni mbaya. Mpigie sista aje kesho asubuhi." Ni vigumu kuikataa simu ya namna hiyo, na katika jamii zetu kuikataa waziwazi huonekana ni roho mbaya. Lakini mjumbe akimpigia muuguzi moja kwa moja, muuguzi hana ubavu wa kusema hapana, na mtu aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya kesho, asiye na shemeji kwenye bodi, atasogezwa. Njia iliyo sawa ni kumpa ndugu yako namba ya mapokezi ambayo hupewa kila mtu, kumwambia akueleze watakachomjibu, na kwenda wewe mwenyewe kukaa na mgonjwa. Unaweza kumpelekea uji. Huwezi kumpelekea muuguzi wa mtu mwingine.

Mpaka huo huo unafaa kwa mengine. Bodi huajiri mkurugenzi mtendaji, humpima kila mwaka kwa malengo yaliyoandikwa, na ikibidi humwachisha. Haiajiri dereva. Haichagui dawa. Mjumbe mwenye kituo cha mafuta akitaka kuliuzia shirika mafuta, atangaze maslahi yake, atoke chumbani wenzake wakijadili, na kutoka kwake kuandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Watu husema Uganda ni ndogo na kila mtu ana uhusiano na mwenzake. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Kuhusu ulaji nimeulizwa mara nyingi, basi nijibu. Kazi hii hufanywa kwa kujitolea. Mashirika mengi humrudishia mjumbe nauli na kumpa chakula cha mchana, na anayetoka Arua au Kasese hupewa pa kulala. Posho ikishazidi nauli kwa kiasi cha kuonekana, vikao huanza kuongezeka bila sababu.

Ukiombwa kujiunga, usijibu siku hiyo hiyo, hata anayekuomba akiwa padri wako au mwalimu aliyekusomesha. Omba katiba ya shirika, ripoti za mkaguzi wa hesabu za miaka mitatu iliyopita pamoja na ile barua ya mkaguzi kwa uongozi, ambayo ndiyo hutaja udhaifu, na kumbukumbu za vikao vinne vya mwisho. Katika kumbukumbu hizo tazama kama mgonjwa ametajwa popote nje ya jedwali la namba. Uliza wajumbe huhudumu vipindi vingapi, na kama yupo aliyewahi kuondoka muda wake ulipoisha. Uliza ni nani kati yao amewahi kuuguza mtu nyumbani. Halafu omba siku moja ukae kiti cha nyuma cha gari la wauguzi, bila kamera na bila kutambulishwa kama mkubwa, uone mgonjwa wa kwanza hadi wa mwisho, na uone ni nani ambaye jua lilizama kabla ya kufikiwa. Shirika likisema utaratibu huo haupo kwa wajumbe wapya, waombe waupange kabla hujasaini fomu.